Watu Watano wa Mfarishi

Kaniki mpya ina harufu yake. Ninyi mliozaliwa wakati mmoja nami mnaijua: harufu kali ya rangi, inayoingia puani kama moshi wa majani mabichi, na ukiivaa siku ya jua shingo yako yote inageuka buluu. Nilidhani harufu hiyo imekwisha duniani. Kisha, majuma matatu baada ya kumzika mama, nilifungua sanduku lake la bati ili tugawane nguo zake, na chini kabisa, chini ya kitenge chake cha kanisani, nikakuta mfarishi mdogo uliokunjwa mara nne. Nilipoukunjua, harufu ile ikatoka. Nilikaa sakafuni. Wanangu waliniuliza kama naumwa, nikawaambia hapana, nipisheni kidogo.

Mfarishi wenyewe si wa kujifunika. Hautoshi hata mtoto mchanga. Ukiulaza juu ya ungo, ungo unabaki na nafasi. Mgongo wake ni kaniki, ndani mna sufi, na upande wa mbele wameshonwa watu watano kwa viraka. Nataka kueleza ulivyoshonwa, na nilichokifanya mimi. Shule yangu ilikoma darasa la nne na mkono wangu ni mzito, kwa hiyo mnivumilie nikienda polepole.

Tulikaa Newala, upande ule ambao uwanda unakatika ghafla na chini yake ni bonde la Ruvuma. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mama na mimi. Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, akija mara moja kwa mwaka kama mgeni. Asubuhi za kipupwe, ukisimama nyuma ya jiko letu, bonde hulioni. Unaona ukungu mweupe umejaa hadi ukingoni, na kutoka ndani ya ukungu huo unawasikia wanawake wakipanda na maji, sauti zao karibu kabisa, wenyewe hawaonekani. Halafu linatokea debe lenye majani juu yake, kisha kichwa, kisha mabega, kama mtu anayetoka ardhini. Niliwaogopa kila siku, hata yule aliyekuwa mama yangu.

Maji yetu yote yalikuwa huko chini. Mama aliondoka alfajiri pamoja na jirani yetu, Mama Yohana, akarudi jua limeshapanda. Sisi wa darasa la kwanza tulisoma alasiri, wakubwa wakishatoka. Kwa hiyo asubuhi nzima nyumba ilikuwa ya Bibi na mimi, na ya picha.

Kabla ya picha, niseme kuhusu jina. Mimi naitwa Agnesi, lakini sikuwa wa kwanza kuitwa hivyo. Bibi alizaa binti, akamwita Agnesi, na binti huyo akafa mdogo. Aliyefuata ni mama yangu, Edita. Mama aliponizaa, Bibi akanipa jina la marehemu, na kwetu ukipewa jina la mtu umepewa na nafasi yake. Bibi hakuniita mjukuu hata siku moja. Aliniita mwanangu. Na mama yangu mzazi, aliyenibeba na kuninyonyesha, kila alipotua debe la maji alinigeukia na kusema kwa heshima zote, "Shikamoo, dada." Nami, mtoto wa miaka saba mwenye makamasi, nikajibu, "Marahaba, Edita. Habari za njia?"

Watu wazima walilipenda jambo hili. Mgeni akipiga hodi na kuita "Mama Agnesi!", Bibi na mama waliitika pamoja, mmoja jikoni, mmoja uani. Mama Yohana alifanya makusudi.

"Mama Agnesi!"

"Abee!" "Abee!"

"Nimeita mmoja wamekuja wawili. Basi nileteeni ming'oko ya kuchemsha sahani mbili." Akicheka, akinitazama mimi niliyejificha nyuma ya mtungi kwa kumwogopa jogoo. "Na huyu dada mkubwa wa nyumba mbona anakimbia jogoo? Bibi kizee mzima! Njoo unisalimie. Au mimi ndiye nikusalimie wewe?"

Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa najua kitu ambacho Mama Yohana hakukijua. Nilikuwa nimejiona ukutani.

Picha ilining'inia juu ya kitanda cha Bibi, ndani ya kioo. Ilipigwa Masasi zamani, Babu alipokuwa mwalimu wa misheni, mbele ya mojawapo ya yale majabali yao makubwa. Babu amesimama na kanzu. Pembeni yake amesimama kaka wa Bibi, shati la kaki, aliyerudi kutoka kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani. Bibi ameketi kitini, kijana, macho makali. Mapajani mwake yupo mama yangu, mchanga, amelala, ameuficha uso kifuani, unaona kisogo tu. Na mwisho, mkono wa kushoto, kuna miguu miwili.

Miguu ile ilionekana vizuri kuliko kitu chochote katika picha. Vidole kumi, vumbi juu yake, kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kimepanda juu ya mwenzake. Juu ya miguu, pindo la gauni. Juu ya pindo, moshi. Hapakuwa na mikono, wala shingo, wala uso. Moshi mweupe uliokwenda upande mmoja, kama pumzi ya mtu siku ya baridi.

"Huyu nani, Bibi?"

"Ni wewe, mwanangu."

"Mbona sina uso?"

"Hukutulia. Padre aliingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi cha kamera, akasema tulieni, msipumue. Sote tukatulia. Wewe ukageuka."

"Niligeuka kutazama nini?"

Bibi alifikiri. "Sijui," alisema. "Hukutuambia."

Nilitazama miguu yangu. Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kimepanda juu ya mwenzake. Leo nina mjukuu mwenye kidole hicho, na mama alikuwa nacho vilevile, ni mambo ya ukoo. Lakini wakati ule sikuitazama miguu ya mama. Niliitazama yangu na ile ya ukutani, nikajua Bibi anasema kweli. Nilikuwapo Masasi kabla ya kuzaliwa Newala. Niligeuka, nikafutika, na ikabidi nianze upya.

Hapo ndipo nilipojifunza kutulia. Watu walisema nina haya. Mwalimu wetu alinisifu mbele ya darasa kwamba sichezichezi na dawati. Hawakujua kwamba nilikuwa nachunga nisifutike tena. Nikiitwa ghafla sikugeuza kichwa haraka. Niligeuka kidogo kidogo, mwili mzima, kama mtu aliyebeba maji. Wenzangu waliona hayo, wakapata mchezo. Walinijia kwa nyuma wakapiga kelele, "Shikamoo, Bibi Agnesi! Shikamoo, wa kaburini!" Kisha walisubiri waone nitakavyogeuka.

Kila Jumapili baada ya kanisa Bibi alichukua unga kidogo kwa vidole vitatu, akauweka sakafuni chini ya picha, bila kusema neno. Nilidhani ni wa sisimizi.

Mchwa ndio walioanzisha yote. Siku moja Bibi aliitelemsha picha kuipangusa, akaona mstari mwembamba wa udongo umepanda ukutani na kuingia nyuma ya kioo. Walikuwa wameshamla Babu mguu mmoja na nusu ya kiti. Bibi alipuliza, akang'oa, akaimwagia majivu, lakini karatasi ilikuwa imeshakuwa laini kama ugali baridi. Aliinua picha karibu na jicho lake la kushoto. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunikwa. Daktari wa Masasi alimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba la pili litafuata.

Mama aliporudi na maji, Bibi alimwambia, "Edita, nitawashona."

"Kuwashona akina nani, mama?"

"Hawa. Mchwa hawali kaniki."

Alipokuwa msichana Masasi, sista mmoja wa misheni aliwafundisha kuunganisha viraka kuwa mifarishi ya vitanda vya watoto. Wasichana wenzake walishona nyota na maua. Bibi alisema hakuwahi kuona faida ya nyota. Sasa alitoa kifurushi chini ya kitanda, nikaona kwamba kwa miaka yote alikuwa ameweka nguo za watu. Kipande cha kanzu ya Babu, chenye doa la chai. Mfuko wa shati la kaki la kaka yake. Kipande cha mbeleko aliyombebea mama. Kwa ajili yake mwenyewe alikata kaniki yake mpya. Kila mtu alikuwa avae nguo yake ya kweli. Nyuso na mikono vilikuwa vya kitambaa cha kahawia kimoja kwa wote.

Alishona asubuhi, mlangoni, mgongo kwenye nguzo, na sindano moja. Sindano hiyo ilikuwa ndefu, ya misheni, yenye tundu kubwa, kiasi kwamba aliweza kuitunga uzi kwa kupapasa. Sindano nyingine zote zilikuwa zimeshamshinda. Alipotaka kufikiri aliishika kati ya midomo. Mimi niliketi karibu, nimetulia, nikichambua sufi ya kutia ndani. Alikuwa na utaratibu wake: mwili kwanza, mikono, kisha uso, kisha mdomo. Macho aliyaacha hadi mwisho.

"Kwa nini macho mwisho?" nilimwuliza.

"Mtu akishatiwa macho amefika," alisema. "Huwezi kumtoboa tena na sindano."

Akamtia Babu macho. Babu alikuwa marehemu. Akamtia kaka yake macho. Naye alikuwa marehemu. Nikaanza kuangalia jambo hilo. Mama, kwa kuwa amelala na kuficha uso, hakuhitaji macho. Bibi alishona kisogo tu, nikapumua. Halafu Bibi akaanza kujishona mwenyewe. Yale macho makali ya kwenye picha aliyatia kwa uzi mweusi, mizunguko mitatu mitatu, yakatokea kweli, yakakutazama popote ulipoketi.

Siku ile ile, au siku iliyofuata, mama alirudi, akasimama mlangoni na debe kichwani, na Bibi akasema, "Karibu, nani?"

"Mimi, mama."

"Wewe nani?"

Kisha Bibi akajikwaa kwenye kinu akidhani ni kivuli. Jicho la pili lilikuwa limefunikwa. Watu wazima walisikitika, wakasema daktari alionya. Mimi niliyatazama macho ya Bibi kwenye kitambaa. Nilijua yalikohamia. Na nilijua ni nani aliyebaki.

Alibaki yule wa mkono wa kushoto. Bibi alikuwa ameshashona miguu yake, hata kile kidole, alikishona kwa kupapasa mguu wangu. Lakini nguo ya Agnesi haikuwamo kwenye kifurushi. "Nguo zake alikwenda nazo zote," Bibi alisema. "Tulimzika nazo. Njoo, mwanangu."

Nilikwenda. Aliligusa gauni langu la Jumapili, lile jeupe lenye mistari ya buluu, akatafuta pindo, akakata kipande mbele ya goti kwa mkasi, mimi nikiwa nimelivaa. Nilisikia baridi mahali pale. Mama alicheka, akasema atalipandisha pindo. Bibi akakishona kile kipande kwenye mfarishi, juu ya miguu. Sasa yule aliyekuwa moshi alikuwa na miguu yangu, gauni langu, na duara la kahawia lisilo na kitu.

Asubuhi iliyofuata mama alipoondoka, Bibi aliniita tena. Aliiweka sindano kati ya midomo, akaweka mikono yake miwili usoni pangu. Vidole vyake vilikuwa vikavu, na ncha zake ngumu kwa kushona. Vilipita kwenye paji, vikashuka puani, vikazunguka mdomo.

"Tulia," alisema bila kuitoa sindano midomoni. "Safari hii tulia."

Alishona pua. Alishona mdomo. Kila mara alirudi kunigusa, kisha akarudi kwenye kitambaa. Nilihisi midomo yangu inakuwa mizito. Alasiri ile, mwalimu aliponiuliza swali, sikuweza kuifungua.

Yalibaki macho. Na jioni ile, Bibi alipoichomeka sindano kwenye kitambaa na kwenda kujinyoosha mkekani uani, niliichomoa. Nilipanda kitandani kwake nikaisukuma ndani ya ufa wa ukuta, nyuma ya picha, mpaka mwisho.

Sijawahi kumwambia mtu hadi leo.

Bibi hakulia wala hakugomba. Alianza kutafuta. Alipiga magoti, akatandaza viganja, akaipapasa sakafu yote ya chumba, mstari kwa mstari, kama mtu anayepanda karanga. Asubuhi ya pili alianza upya kutoka pembe nyingine. Nilikaa pale pale nikimwona akija kwangu, kimya, viganja vikisugua udongo, hadi vikaifikia miguu yangu. Vilisimama. Kidole chake kikagusa kile kidole changu kilichopanda. Kisha akapita, akaendelea.

Mama alitwanga shingo upande, amechoka kwa maji na kazi. Akanijia uani, akaongea taratibu kama anavyoongea mtu na mkubwa wake. "Dada, hujaiona sindano ya mama?"

Kama angenipiga kofi ningesema. Lakini aliniita dada, na dada hamdanganyi mdogo wake, na mdogo wake hamhoji mara mbili. "Sikuiona, Edita," nilisema. Akaamini.

Mama Yohana akaleta sindano yake. Bibi alijaribu kuitunga uzi kutoka asubuhi hadi mama aliporudi. Uzi haukuingia hata mara moja. Nilikuwapo. Ningeweza kumtungia. Nilikuwa nimeketi na mikono chini ya mapaja.

"Huyu mtoto ana nini?" Mama Yohana alimwuliza mama, akidhani sisikii. "Anamwangalia mama yenu kama anayemchunga asiamke."

Baada ya hapo Bibi aliacha kula. Hakusema anaumwa. Aliketi mlangoni na mfarishi mapajani, akisugua lile duara kwa kidole gumba, mahali pa macho, kutoka asubuhi hadi jua linapotua. Kitambaa kilianza kung'aa hapo. Padre Mwafrika wa kwetu alikuja kumwombea. Mama alianza kulala chumbani kwa Bibi, na mara mbili nilimsikia akilia.

Asubuhi moja ukungu ulizidi. Haukuishia ukingoni, ulipanda, ukafunika jiko, ukaingia hadi mlangoni, ukasimama. Mama na Mama Yohana walikuwa wameshateremka. Nilisikia sauti zao mahali fulani chini, kisha sikuzisikia. Nilikuwa namwona Bibi na nguzo yake, basi.

"Upo hapo, mwanangu?"

"Nipo."

"Nataka kukwambia jambo ambalo sijamwambia Edita." Akakisogeza kitambaa mapajani. "Baada ya ile picha, zilipita siku kumi na mbili, ikaja surua. Ilimchukua Agnesi kwa siku nne. Na picha ilikuwa haijarudi. Ilipelekwa mbali kusafishwa. Nilisema, si kitu, picha itakuja, nitamwona. Miezi ikapita. Babu yako alikuja mbio kutoka misheni, ameishika juu. Nikaipokea. Nikakuta moshi."

Niliusikia ukungu ukidondoka kwenye nyasi za paa.

"Nimeusahau uso wake," Bibi alisema. "Sauti yake naisikia. Miguu yake naijua. Uso siupati. Nimezaa mtoto na uso wake siupati. Nilidhani nikishika wako, vidole vitakumbuka."

Nimejaribu kueleza kwa watu nilichokisikia wakati ule na siwezi. Mimi nilikuwa na miaka saba. Niliamini kabisa kwamba macho yakishonwa, macho yangu yatakwenda, na pengine na mimi mwenyewe nitakwenda, nitakaa kushoto kabisa, baada ya mbeleko, nikiwatazama watu wanaoingia na kutoka. Wala sikuacha kuamini. Lakini Bibi alikuwa ameketi pale na mdomo wazi kidogo, akisugua kitambaa, na hapakuwa na mtu mwingine katika ukungu ule.

Nilikwenda kitandani. Nilitelemsha picha, nikaingiza kucha kwenye ufa, nikaivuta sindano. Ilikuwa na udongo, nikaipangusa kwa gauni langu, pale palipokatwa. Nikaitunga uzi mweusi. Nikaja nikaiweka kwenye kiganja chake na kukifunga.

Bibi aliipapasa kuanzia tundu hadi ncha. Hakuniuliza nimeipata wapi.

"Keti," alisema.

Niliketi katikati ya magoti yake. Niliyatazama mambo yote niliyoweza kuyaona: nguzo, kinu, kuku mmoja mwekundu aliyejikunyata. Nilitaka niyashike. Kisha mikono yake ikaja usoni, sindano ikiwa kati ya midomo, na woga ukanishinda, nikafumba macho. Niliyafumba kwa nguvu, kisha nikajikaza kutulia, nikayalegeza, lakini sikuyafungua. Vidole vyake vilishuka kutoka kwenye nyusi. Vikafika kwenye kope zangu.

Vikasimama pale.

Nilihisi Bibi ameacha kupumua. Vidole viwili, kimoja kila kope, havibonyezi, havisogei. Halafu vikavuta kope chini taratibu, ingawa zilikuwa zimeshafungwa, kama mtu anayekamilisha kazi aliyoianza.

"Ee," alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Ee, ndiye. Ndivyo alivyokuwa."

Sikuelewa. Miaka mingi baadaye, nilipomwosha mwanangu wa pili kabla ya kumzika, nilipomfumba macho kwa vidole hivi, ndipo nilipoelewa vidole vya Bibi vilikumbuka nini.

Alishona bila kunigusa tena. Nilisikia uzi ukipita katika kitambaa, sufi na kaniki, kuvutwa, kupita, kuvutwa. Nilisubiri kwenda. Nilihesabu mishono hadi nikapotea. Mwisho nikasikia sauti ya meno, alijaribu kukata uzi, meno yake hayakuweza.

"Mjukuu wangu," alisema, "nipe mkasi."

Nilifungua macho. Yalikuwapo. Kuku mwekundu alikuwapo, nguzo ilikuwapo, na nje ukungu ulikuwa umerudi ukingoni mwake. Nilimpa mkasi. Ilinichukua muda kujua ni kitu gani kimebadilika, kisha nikajua: hakuwahi kuniita hivyo kamwe.

Kwenye mfarishi, mkono wa kushoto, alikuwa amesimama mtoto mwenye miguu yangu na gauni langu. Mahali pa macho palikuwa na mistari miwili iliyopinda chini, myembamba, sawasawa. Alikuwa ametulia.

Mama alifika jua likiwa kali. Lilitokea debe, kichwa, mabega. Akatua maji, akapangusa uso, akanigeukia kama kila siku. Bibi, bila kusema, alinyanyua mfarishi na kuukunjua upande wake. Mama aliutazama. Alitazama muda mrefu, maji yakimtiririka shingoni. Nikaona magoti yake yakiinama kidogo.

"Shikamoo, dada," alisema.

Hakuwa ananiambia mimi. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo, "marahaba" ipo ulimini, tamu, ya kwangu, ya miaka yangu yote. Hapakuwa na pa kuipeleka. Nikaimeza. Mama akasubiri kidogo, kisha akanitazama, akaniambia nikalete kata tumimine maji mtunguni.

Bibi alikula siku ile, akaishi miaka mitatu mingine, kipofu, mcheshi kuliko zamani. Mchwa waliimaliza picha. Hakuna aliyewazuia. Shuleni walipopiga kelele nyuma yangu niligeuka haraka, nikamtupia mmoja mchanga, na wakaacha. Mama hakuniamkia tena maishani mwake. Mimi ndiye niliyemwamkia, hadi juma alilofariki, naye akaitikia kwa kope tu.

Juzi, baada ya kuwaondoa wanangu chumbani, niliutandaza mfarishi juu ya kitanda. Kaniki bado imara. Babu ana doa lake la chai. Macho ya Bibi bado yanakutazama popote ulipoketi. Nina umri mkubwa kuliko wote waliomo, na yule wa kushoto ni mtoto wa miaka saba tu. Hata hivyo niliinama.

"Shikamoo, dada," nilisema.

Kisha nikatulia, nisipumue, kama Padre alivyowaambia.